Waliomshangilia Edina

Raheli Mazengo alikuwa anacheza mpira wa kikapu kwa jina la mdogo wake, na mdogo wake alikuwa amekufa.

Hilo ndilo tatizo, na halina haja ya kuzungushwa. Edina alikufa kwa malaria kule Mlali, wilaya ya Kongwa, akiwa na miaka kumi na miwili. Walimzika nyuma ya nyumba, pembeni ya shamba la karanga. Miaka miwili baadaye jina lake lilikuwa limeandikwa mgongoni mwa jezi mjini Dodoma, na watu walikuwa wanalipigia makofi.

Raheli alikuwa anakaa Nzuguni kwa mjomba wake, Daudi. Kila asubuhi aliamka kabla ya jua, akafagia ua wa nyumba, akawasha jiko, akanywa uji wa uwele ukiwa bado wa moto, kisha akakimbia kwenda kituo cha vijana. Miezi ya katikati ya mwaka upepo wa Dodoma ni baridi na umejaa vumbi, midomo hupasuka, na mpira ukiudaka vibaya vidole huuma kama vimepigwa na jiwe. Kocha wao, Octavian, alikuwa mtu wa Bukoba, mtumishi wa ofisi moja ya serikali, aliyefundisha kikapu kabla na baada ya kazi. Hakupenda mchezaji anayechelewa. Hakupenda zaidi mchezaji anayechelewa halafu akaleta hadithi.

Raheli hakuwahi kuchelewa. Alikuwa mrefu kuliko wote, anaruka kama swala, na jasho lake halikuwa la kuigiza. Kila kitu chake uwanjani kilikuwa cha kweli isipokuwa jina na umri.

Mambo yalianza hivi. Mjomba Daudi alikuwa fundi wa kuchomelea mageti huko Kizota, na hakuwa mtu mbaya. Yeye ndiye aliyemtengenezea Raheli pete ya chuma na kuifunga kwenye nguzo uani, ili apate pa kulengea. Siku moja akasikia kwamba kituo kinachagua wasichana wa chini ya miaka kumi na mitano, na kwamba watakaofanya vizuri watachukuliwa na klabu kubwa ya Dar es Salaam. Huko wangesomeshwa, na wakikomaa wangecheza kwa mshahara. Raheli alikuwa na miaka kumi na sita. Mjomba akatafakari jioni nzima, kisha akatoa cheti cha kuzaliwa cha Edina, ambacho alikuwa amekifuatilia yeye mwenyewe wilayani enzi za uhai wa mtoto na hakikuwahi kurudi Mlali.

Raheli aliuliza mama atasema nini. Mjomba alijibu kwamba mama yuko Mlali analima, mambo ya kikapu hayajui, na asichokijua hakimuumizi.

"Jina ni la nyumba hiyohiyo, tumbo hilohilo," alisema. "Edina halihitaji tena. Unadhani angekunyima?"

Raheli alijua kwamba Edina asingemnyima. Hakuwahi kumnyima kitu, hata ukoko wa ugali ambao walikuwa wanaupigania watoto wote wa nyumba ile. Basi akakubali.

Wiki za kwanza Kocha alipoita "Edina", Raheli aliendelea kufunga kamba za viatu mpaka mtu amguse bega. Baadaye akazoea, akawa anageuka upesi. Baadaye tena ikawa kinyume. Shangazi, mke wa mjomba, akimwita "Raheli" kutoka jikoni, anakaa kimya, kama anayeitwa ni mtu wa nyumba ya jirani. Siku moja wakati wa chakula alijikuta amebandua ukoko na kuuweka pembeni ya sahani, kwa heshima, kama unavyomwekea mtu ambaye bado hajanawa mikono. Shangazi alimuuliza anamwekea nani. Raheli akaula harakaharaka.

Halafu kukaja jambo la mkono.

Raheli aliteguka kidole cha mkono wa kulia mazoezini, na Kocha akaamuru atumie wa kushoto mpaka apone. Kule Mlali, walipokuwa wadogo, yeye na Edina walikuwa wanatundika tenga bovu kwenye ua wa miiba na kulilenga kwa mabunzi ya mahindi. Edina alikuwa mashoto. Alikuwa anasimama mguu mmoja mbele, anapindisha shingo kidogo, anatupa, na bunzi linaingia. Karibu kila mara liliingia. Raheli alikuwa anakasirika mpaka anavunja tenga.

Sasa aliposhika mpira kwa mkono wa kushoto, mguu ulitangulia wenyewe. Shingo ikapinda. Mpira ukaingia bila kugusa pete. Akajaribu tena, ukaingia.

Mishi, nahodha wao, ambaye mdomo wake haukuwa na kufuli, alicheka sana. "Edina, mkono huo umeuazima kwa nani?"

Timu nzima ikacheka. Raheli alikwenda kukaa kwenye bomba la maji, akanawa uso mara nyingi kuliko vumbi lilivyohitaji.

Kidole kilipona, lakini Kocha hakutaka tena aache mkono wa kushoto. Timu ilishinda, ikashinda tena, ikaingia nusu fainali, na siku ile Raheli alifunga kuliko mtu mwingine yeyote uwanjani. Mtangazaji wa redio alimsogezea kinasa sauti akamuuliza jina lake na anakotoka. Raheli alikuwa bado anahema, moyo umejaa furaha, na aliyejaa furaha hachungi ulimi.

"Naitwa Edina Mazengo," alisema. "Natoka Mlali, Kongwa."

Hayo ya Mlali yalikuwa ya kweli, na ndiyo yaliyomponza.

Kuanzia siku ile simu ya mama haikupokelewa. Raheli alipiga, ikaita mpaka ikakata. Mjomba akasema labda chaji, labda mtandao, mambo ya shamba. Raheli alitaka sana kuamini, na mtu anayetaka sana kuamini haulizi swali la pili.

Fainali ilichezwa Jumamosi. Watu walijaa mpaka kwenye ukuta. Alikuwepo Bi Cecilia, mwalimu wa timu ya vijana ya ile klabu ya Dar es Salaam, amekaa kimya na miwani yake. Alikuwa ameshamnong'oneza Kocha kwamba anamtaka yule binti anayetumia mkono wa kushoto, na kwamba Jumatatu angependa mlezi wake aje waandikishane. Mjomba Daudi alivaa shati lililopigwa pasi mpaka likasimama lenyewe.

Katika robo ya pili Raheli alipokea pasi ya Mishi, akapita kushoto, akasimama, mguu mbele, shingo ikapinda, akatupa. Mpira ulipoingia uwanja ulilipuka kwa jina moja: Edina, Edina, Edina. Watu walikuwa wanaruka. Kwenye mstari wa watu waliokuwa wanaruka, mmoja tu alikuwa amesimama wima bila kutikisika. Alikuwa mwanamke mwembamba, kanga imejaa vumbi la safari, mikono miwili mdomoni.

Alikuwa mama yake.

Kipyenga cha mapumziko kilipolia, wenzake walikwenda kwenye maji. Raheli alivuka uwanja.

"Shikamoo, mama."

Mama yake, Angelina, aliishusha mikono kutoka mdomoni. "Nani ananiamkia?"

"Ni mimi, mama. Raheli."

"Raheli nimemuulizia hapa kwa kila mtoto. Hawana mchezaji wa jina hilo."

Mama aliketi kwenye benchi la saruji, akaanza kusema polepole, bila kupandisha sauti, na ingekuwa afadhali angepandisha.

Redio ilisikika dukani Mlali. Kabla jua halijazama watu walikuwa wamesimama kwenye kaburi la Edina wakilitazama. Mmoja akasema kilichozikwa pale ni mgomba uliovalishwa sura ya mtoto, mtoto mwenyewe alichukuliwa msukule, na sasa ameonekana mjini akitumikishwa. Mwingine akauliza, basi aliyemchukua ni nani? Wakakumbuka nani alikuwa na Edina siku ile ya mwisho.

Alikuwa Bibi Sechelela. Raheli alimjua kama anavyoijua mikono yake. Ni mjane, jirani yao, aliyeshinda na Edina akimkanda kwa kitambaa cha maji wakati mama anahangaika kutafuta usafiri wa kwenda kituo cha afya. Siku ile yeye peke yake ndiye aliyekuja.

"Wamembomolea," mama alisema. "Wameng'oa nguzo za tembe lake, paa lote la udongo likashuka. Watoto niliowanyonyesha mimi, mama zao wakiwa wagonjwa, wamemtupia mawe. Mchungaji ndiye aliyemtoa, yuko nyumbani kwake, hali wala hanywi. Na Jumatatu watu wanafukua kaburi, waone kama kuna mtu."

"Mama, si uwaambie..."

"Nimewaambia. Nimesema nina mtoto mjini, nitamleta aseme mwenyewe. Wameniuliza, yupi?" Mama alifuta vumbi usoni kwa ncha ya kanga. "Sikuja kukugombeza, mwanangu. Nimekuja kuchukua mtoto mmoja nirudi naye. Niambie ni yupi."

Mjomba Daudi alikuwa ameshafika. Alimsalimia dada yake, hakuitikiwa. Akamvuta Raheli pembeni na kumwambia haraka kwamba zimebaki robo mbili tu. Acheze, ashinde, Jumatatu asubuhi waandikishane na Bi Cecilia, kisha moja kwa moja waende Mlali wakalimalize kimyakimya, kifamilia. Akiharibu sasa, maisha yake yote ya kikapu yamekwisha, na nafasi kama hii haiji mara mbili kwa mtoto wa mkulima.

Yalikuwa maneno yenye akili, na ndiyo maana yalikuwa ya hatari. Raheli aliuangalia uwanja. Akamwona Bi Cecilia anafuta miwani. Akafikiri juu ya Dar es Salaam, uwanja wenye paa, viatu vipya, mshahara. Kisha akafikiri kwamba akishasaini, hapatakuwa na siku ya kurudi. Atasafiri akiwa Edina, ataolewa akiwa Edina, na siku akifa atazikwa kwa jina ambalo tayari lina kaburi.

Kipyenga kililia. "Edina!" Mishi aliita. "Edina, twende!"

Raheli hakugeuka. Alitembea hadi kwa Kocha Octavian, akasimama mbele yake akiwa ameficha mikono nyuma.

"Kocha, mimi siyo Edina. Edina ni mdogo wangu, alikufa. Mimi ni Raheli, na nina miaka kumi na sita."

Kocha alimtazama, akamtazama mama, akamtazama Mjomba Daudi, ambaye alikuwa anatazama viatu vyake. Alivua filimbi shingoni, akaiweka kwenye benchi, akatembea mpaka kwenye meza ya waamuzi.

Mechi haikuendelea. Wapinzani walipewa ushindi, na watu walianza kutoka wakiulizana kuna nini. Wasichana walikaa chini palepale. Ruthu, mchezaji wa akiba wa mazoezini, aliyekuwa amekatwa jina mwanzoni mwa msimu kwa sababu nafasi ilijaa, alikuwa nje ya mstari na nguo zake za nyumbani. Alikuwa na miaka kumi na minne ya kweli. Mishi alisimama mbele ya Raheli, machozi yanamtoka na hayafuti.

"Msimu mzima nimekupasia mpira," alisema. "Nilikuwa nampasia nani?"

Jumatatu walikwenda Mlali: mama, Raheli na Mjomba Daudi. Kocha Octavian aliomba ruhusa kazini akapanda nao basi. Alisema kituo chake ndicho kilicholipaza jina lile, kwa hiyo kituo kitakwenda kulinyamazisha.

Watu walikuwa wengi kaburini, na majembe yalikuwepo. Wazee walisalimiwa kwa Kigogo, mbukwenyi, wakaitikia kwa shingo upande. Raheli alisimama karibu na msalaba wa mti. Upepo ulikuwa unapiga majani makavu ya karanga. Akasema jina lake. Akasema aliyelala pale ni Edina, kwamba aliumwa homa, kwamba hakuna aliyemchukua. Sauti iliyosikika redioni ilikuwa yake yeye, Raheli, na ilidanganya. Mwenye jembe mmoja aliuliza watajuaje kama na sasa hadanganyi. Mjomba Daudi akajitokeza, akavua kofia, akasema ni yeye aliyetoa wazo. Kocha akathibitisha. Mchungaji akasoma zaburi. Majembe yakaondoka moja moja, na waliobeba hawakumtazama mtu machoni.

Kaburi halikufukuliwa. Hilo liliokolewa.

Watu walipopungua, Kocha alimwita Raheli. Watoto wa shule walikuwa bado wamesimama karibu, naye hakuwafukuza.

"Unataka kucheza kwa kulipwa," alisema. "Basi sikiliza, maana hii ndiyo kazi yenyewe. Mchezaji halipwi kwa sababu anafunga. Analipwa kwa sababu waliokuja kumtazama wanaamini wanachokiona. Siku wakigundua ni uongo, hata kikapu ulichofunga kwa jasho lako kinahesabiwa uongo. Mwakani kuna majaribio ya chini ya miaka kumi na minane. Ungeyafanya kwa jina lako. Hukuhitaji kupunguza umri, ulihitaji kusubiri."

Raheli alisema anajua.

"Na jambo la pili. Uongo haukai pale ulipouweka. Wewe uliuweka Nzuguni. Umebomoa nyumba Mlali. Hata aliyekupenda akikwambia ni uongo mdogo tu, ukatae, kwa sababu huwezi kujua utakwenda kulala kwa nani."

Raheli alifungiwa kucheza. Alirudi Mlali, akalima na mama yake, na kila jioni alilenga tenga kwenye ua. Adhabu ilipokwisha alikwenda majaribioni kwa jina lake, akakataliwa. Akaenda tena, akachukuliwa. Leo ana miaka ishirini, anachezea timu ya wanawake Dar es Salaam, analipwa, na jezi yake imeandikwa R. Mazengo. Mkono wake wa kushoto bado ndio wa kuogopwa. Watu wanapoita Raheli anageuka, lakini kabla ya kugeuka huangalia kwanza upande wa pili, kama anayempisha mtu.

Gharama ilikuwa hii.

Kombe moja, lilikwenda kwa wengine. Wachezaji wenzake wote walikosa kutazamwa na Bi Cecilia robo mbili zilizobaki. Wawili waliendelea na kikapu, na Mishi si mmoja wao. Ruthu hakurudi tena uwanjani, na nafasi iliyokuwa yake ilichukuliwa na marehemu. Mama Raheli na Mjomba Daudi husalimiana misibani tu.

Bibi Sechelela alihamia kwa mwanawe Kibaigwa. Waliombomolea walikuja kuomba radhi, wakajitolea kujenga upya. Aliwaitikia vizuri, akasema hapana. Raheli alipopata mshahara wa kwanza alimpelekea sukari na kitenge. Bibi alipokea, akamshukuru, akamuuliza habari za mama. Hakumkaribisha ndani.

Nyumba yake bado iko Mlali. Paa halipo, kuta zipo. Mbuzi wanalala humo.